Kabla ya kutangaza warsha ya usalama wa mtandao

Makongamano ya usalama wa mtandao yameongezeka kwetu, na karibu kila moja sasa lina warsha kwenye ratiba. Ni jambo jema. Afisa TEHAMA wa halmashauri akisikiliza mada kutwa nzima anarudi ofisini na daftari lililojaa. Akikaa saa tatu mbele ya kompyuta, na mtu wa kumwelekeza pembeni, anarudi na kazi anayoweza kuifanya kesho yake. Ila warsha nyingi huharibika mapema, na chanzo huwa kilekile: saa nzima ya kwanza, wakati mwingine na ya pili, inaishia kwenye kupakua na kusakinisha programu.

Tupige hesabu. Mazoezi mengi ya fani hii hufanyika ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, ili kompyuta halisi ya mshiriki isiguswe. Tuchukue faili la mashine hiyo kuwa la GB 4. Washiriki 30 wakilipakua kwa pamoja, hizo ni GB 120. Intaneti ya ukumbi ikiwa ya Mbps 50 (megabiti 50 kwa sekunde), na asiwepo mtu mwingine hata mmoja anayeitumia, upakuaji unachukua zaidi ya saa tano. Na warsha yenyewe imepangiwa saa tatu.

Kwa hiyo maelekezo ya maandalizi yamfikie mshiriki wiki mbili kabla: kumbukumbu (RAM) ya angalau GB 8, nafasi kiasi gani kwenye diski, programu ipi, toleo lipi. Hata hivyo wapo ambao hawatafanya, ama kwa kukosa bando ama kwa kubanwa na kazi. Hao waandaliwe seva ndogo ndani ya chumba, iliyounganishwa kwa swichi na nyaya, wachukue faili humo bila kugusa intaneti kabisa. Jingine linalosahaulika ni kompyuta za Apple. Tangu mwishoni mwa 2020 zimeanza kutumia chipu za aina nyingine, na mashine pepe iliyoandaliwa kwa chipu za Intel haiendi huko inavyotakiwa. Mwezeshaji aandae matoleo mawili, au aseme mapema kwamba analo moja tu.

Waandaaji wengine hugawa flashi. Sikatai, lakini tufikiri kidogo. Kila siku tunawaambia wananchi wasichomeke flashi wasiyoijua ilikotoka, halafu kwenye kongamano la usalama tunawapitishia flashi mezani? Ukizigawa, mwezeshaji aandike ubaoni heshi ya SHA-256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili na unaobadilika faili likiguswa, na kila mshiriki aikokotoe mwenyewe kwenye mashine yake, alinganishe herufi kwa herufi kabla ya kulifungua. Na heshi hiyo itoke pale faili lilipopakuliwa awali, isikokotolewe kutoka kwenye flashi hiyohiyo. Ni kazi ya dakika tano, na ndilo somo la kwanza la siku.

Ikiwa mada ni udhaifu wa tovuti, mashine pepe huenda hata haihitajiki. OWASP, jumuiya ya kimataifa ya usalama wa programu, wana Juice Shop, duka la mtandaoni lililotengenezwa likiwa na matundu kwa makusudi ili watu wajifunzie. Seva moja chumbani inaweza kumfungulia kila mshiriki duka lake, naye akahitaji kivinjari tu. Kwa washiriki wanaokuja na kompyuta za ofisi zisizoruhusu kusakinisha chochote, mimi naona hii ndiyo njia ya kuanzia.

Mtandao wa ukumbi nao ukaguliwe na mtu wa kongamano mwenyewe, usiachiwe fundi wa hoteli peke yake. Ruta iliyopangwa kwa mtandao wa kawaida wa /24 (alama ya ukubwa wa mtandao) ina anwani 254 tu za kugawia vifaa. Watu 130, kila mmoja na simu na laptopu, wanazimaliza kabla ya chai ya saa nne. Muda wa kushikilia anwani ukiwa saa 24, hata waliokwisha kuondoka bado wanaziziba. Panua wigo wa anwani, punguza muda huo uwe saa moja au mbili. Umeme pia: hesabu soketi, leta ekstensheni za kutosha, na nyaya zibandikwe sakafuni.

Tunao mfano wetu wa Kiafrika wa kazi hii ikifanyika vizuri. AfNOG, umoja wa waendeshaji mitandao wa Afrika, ulianza warsha zake mwaka 2000 mjini Cape Town, na mwaka 2011 ulikuja Dar es Salaam. Mafunzo yao hupewa siku kamili kwenye ratiba, wakufunzi huwa zaidi ya mmoja kwa chumba, na mshiriki hukaa kwenye mashine akisanidi mwenyewe. Kongamano la usalama la Black Hat kule Las Vegas nalo hutanguliza siku za mafunzo kabla ya siku za mada. Warsha iliyobanwa kati ya hotuba ya mgeni rasmi na chakula cha mchana haina nafasi ya kufaulu.

Sasa sheria, na hapa naomba waandaaji wasilegeze hata kidogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inakataza vilevile. Kusema "tulikuwa tunafundishana" hakugeuki kuwa idhini. Zoezi lolote la kupenya mfumo lifanyike kwenye mtandao uliotengwa, usio na njia ya kutoka nje, na shabaha, yaani mifumo itakayojaribiwa, ziorodheshwe kwa anwani zake. Mwezeshaji akitaka kuonyesha jambo kwenye mfumo halisi wa taasisi, pawe na barua ya mwenye mfumo inayotaja tarehe, saa na mipaka. Barua isipokuwepo, zoezi lisifanyike.

Chukua zoezi rahisi ninalolipenda kwa wanaoanza. Mshiriki anafungua Wireshark, programu ya kunasa na kusoma data inayopita mtandaoni, anaanza kunasa, kisha anaingia kwenye tovuti ya majaribio inayotumia HTTP, njia ya mawasiliano isiyosimbwa, kwa jina na nywila za kubuni. Anasimamisha unasaji, anatafuta pakiti (kipande cha data) yenye neno POST, anaifungua: nywila aliyoandika sasa hivi ipo pale, inasomeka yote. Anarudia kwa HTTPS, iliyosimbwa, na safari hii anakuta herufi zisizosomeka. Hapo chumba huchangamka. Lakini zoezi hilohilo likifanyika kwenye Wi-Fi ya hoteli, unaweza kunasa mawasiliano ya mgeni wa chumba cha juu ambaye hana habari na kongamano lenu, na taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022.

Kuhusu kuchagua wawezeshaji, swali langu kwa kila andiko la maombi ni hili: mshiriki akitoka, ataweza kufanya nini ambacho asubuhi hakukiweza? Anayejibu kwa orodha ya sifa za bidhaa ya kampuni yake apewe meza ya maonyesho, asipewe chumba cha warsha. Anayekubaliwa afanye jaribio la mazoezi yote, tena na mtu asiyeijua mada, intaneti ikiwa imezimwa. Awe na msaidizi mmoja kwa kila washiriki 10 au 12. Bila hivyo, mmoja akikwama, aidha wote wanamsubiri au yeye anaachwa, na anayeachwa mara nyingi ni yule aliyetumwa na ofisi yenye mtaalamu mmoja tu.

Siku ikiisha, mafaili yaliyonaswa yafutwe kwenye mashine zote, akaunti za mazoezi zifungwe, na ruta ya maabara irudishwe kwenye mipangilio yake ya awali. Maelekezo ya mazoezi wapewe washiriki wayachukue, pamoja na anwani ya barua pepe inayojibiwa kwa wiki chache zinazofuata, kwa sababu maswali mengi huanza pale mtu anaporudia zoezi peke yake ofisini.