Makorokoro, mazagazaga, mseto: yanatofautianaje?

Mchanganyiko ndilo neno pana kuliko wenzake, na kwa upana huo halisemi mengi. Linakwambia tu kwamba vitu vya aina zaidi ya moja vimekutana. Kama vilipangwa au vilirundikana vyenyewe, kama vina thamani au havina, hilo si shughuli yake. Anayetaka kusema zaidi huchagua neno jingine, na neno alilochagua humuumbua: utajua anavionaje vitu vile.

Tuanze na makorokoro, ambayo wengine huyaita makorokocho. Ni vitu vidogo vidogo vya namna kwa namna, aghalabu vikuukuu, ambavyo havitumiki na wala havijafika jaani. Katika mtaa wa Mkomani, Lamu, vuta mtoto wa meza wa nyumba yenye watu wa makamo uone: funguo za kufuli lililokwisha kupotea, sindano ya kushonea kofia iliyoshika kutu, kifungo cha kanzu, betri zilizokufa, risiti ya umeme iliyofifia mpaka haisomeki. Binti akiuliza, "Mama, niyatupe haya makorokoro?" atajibiwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, "Zitu zangu hizo, ziwate papo," yaani viache hapo hapo. Vitu ni vile vile, ila mmoja ameona makorokoro na mwingine ameona mali yake. Ni nadra kumsikia mtu akiyaita hivyo ya kwake, labda awe anahama nyumba na mgongo unamuuma.

Takataka ni hatua ya mbele zaidi. Hapo hakuna tena wa kusema "zangu".

Mazagazaga hayana dharau kubwa hivyo. Neno hili linatazama wingi na utapanyikaji. Nenda Mokowe, gatini, basi la kutoka Malindi linapoteremsha abiria wa kuvuka kwenda kisiwani. Familia moja ina godoro lililofungwa kamba, ndoo mbili zenye vyombo ndani, jiko la makaa, gunia la maembe, feni isiyo na kifuniko na kuku aliyefungwa miguu. Hayo ndiyo mazagazaga. Kila kimoja kinahitajika, na kikisahaulika patazuka ugomvi. Ni vile tu kwamba havishikiki kwa mkono mmoja. Shaghalabaghala, ambalo watu hulichanganya na hili, si jina la vitu bali ni hali ya kukaa kwake. Hata mikufu ya dhahabu yaweza kulala shaghalabaghala kitandani.

Tazama jinsi maneno haya yanavyopenda kujirudia: korokoro, zagazaga, takataka. Hata vyakula vitamu vya kila aina vikijaa kwenye mkeka wa futari, sambusa, kaimati, mkate wa sinia, tunaviita mapochopocho au madikodiko. Nadhani ulimi wenyewe unajaribu kurundika.

Mseto ni habari nyingine kabisa. Asili yake ni jikoni: mchele na pojo (wenzetu wa Tanzania husema choroko) hupikwa chungu kimoja mpaka vikalainika pamoja. Pojo inaonekana, mchele unaonekana, lakini huwezi kumpakulia mtu kimoja bila kingine. Ndiyo maana neno liliwafaa wanasiasa. Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mapatano ya kugawana madaraka tarehe 28 Februari 2008, iliyozaliwa iliitwa serikali ya mseto, na kila mtu alijua nani pojo. Kuna kilimo mseto, na kuna dawa mseto ya malaria, ambayo ni dawa zaidi ya moja zilizounganishwa kwa makusudi. Mkorogo haufai mahali hapo, kwa kuwa kilichokorogwa hupoteza sura yake.

Mkusanyiko nao unataka mtu aliyechagua. Sahani za kaure zilizopangwa kwenye zidaka za ukutani katika nyumba za mawe za Lamu ni mkusanyiko, hata kama hakuna mbili zinazofanana. Lakini mpaka kati ya mkusanyiko na makorokoro huhama. Huko Gede, karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimbua magofu ya mji wa kale mwaka 1948, na baadhi ya nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Huenda mwenye mkasi ule alikuwa ameshautupa pembeni. Leo ndio anwani yake.

Sarufi yetu pia ina kapu lake la vitu mseto, nalo ni vi-. Ukitaja nomino za ngeli mbalimbali kwa pamoja, kitenzi kwa kawaida huchukua kiambishi hicho: "Godoro, ndoo na jiko vimefika." Mwamu atasema zimefika, maana vi- ya Kiswahili sanifu kwao ni zi-. Shida huja ukimtia kuku kwenye orodha, kwa sababu mwenye uhai hataki kuhesabiwa na ndoo. Wengi hukwepa kwa kugawa sentensi: vitu vimefika, na kuku naye yupo.