Hati ni ya kiwanja jamani, siyo ya nyumba

Kazi yangu ni kutafuta historia ya nyumba za zamani, na wiki hii tu wateja watatu wameniambia kitu kilekile: hati ya zamani kabisa tuliyonayo ni ya mwaka fulani, kwa hiyo nyumba yetu ya matofali ilijengwa mwaka huo. Hapana! Hati inahamisha ardhi. Isome taratibu, utakuta mipaka, vipimo, muuzaji na mnunuzi, nyumba yenyewe mara nyingi haitajwi hata kwa neno moja, na kiwanja kinaweza kuuzwa mara tano kikiwa na majani tu kabla mtu hajaweka tofali la kwanza.

Unachotafuta ni dalili: bei imeruka ghafla kati ya mauzo mawili, rehani imewekwa muda mfupi baada ya kununua (watu hukopa ili wajenge), kodi ya jengo imepanda. Mimi siandiki mwaka kwenye ripoti bila dalili mbili zinazokubaliana.

Na anza na mwenye nyumba wa leo urudi nyuma, kila muuzaji mtafute yeye alinunua kwa nani. Ukimkosa usikimbilie kusema rekodi zimepotea, nakuomba sana, mara nyingi muuzaji huyo alirithi, nenda kwenye faili za mirathi, au ni mama aliyenunua kwa jina la kwao akaja kuuza kwa jina la mume. Kwenye nchi zenye usajili wa Torrens (serikali husajili umiliki wa ardhi na kutoa cheti), ule ulioanzia Australia Kusini 1858, cheti cha sasa kinajitegemea, historia hakiisimulii, kwa hiyo omba vyeti vya zamani vilivyofutwa.

Jina lililochapwa kwenye tofali? Ni la kiwanda, siyo la mwenye nyumba. Na matofali hutolewa nyumba moja yakajengea nyingine.

"Imejengwa kwa chokaa, basi ni ya kabla ya saruji." Saruji ya Portland ilipata hataza (haki ya uvumbuzi) 1824 lakini mafundi waliendelea na chokaa miaka mingi baadaye. Kinyume chake pia, saruji unayoiona nje inaweza kuwa kiraka tu, chokonoa kidogo kwenye kiungo, nyuma yake chokaa inamong'onyoka kwa kucha.

Namba ya mlangoni nayo usiiamini. Chicago ilipanga upya namba za nyumba 1909, ukiipeleka namba ya leo kwenye kitabu cha anwani cha 1900 unafuatilia ukoo wa watu wengine kabisa. Shika namba ya kiwanja.