Akiba ya kazi kwenye BOINC: namba ya pili si akiba ya pili

Mgeni akiingia tu kwenye BOINC, hakosi mtu wa kumwambia: "Weka kumi juu, kumi chini, utapata pointi nyingi." Ushauri huu umezunguka sana, na wanaourudia wengi hawajawahi kujiuliza kwa nini masanduku ya kuweka akiba ya kazi kwenye mipangilio ni mawili. Lingekuwa suala la kujaza tu, si lingetosha moja?

Kwanza maana, kwa ufupi. BOINC ni programu inayoiazimisha miradi ya utafiti nguvu ya kompyuta yako ambayo ingekaa bure. Einstein@Home wanatafuta pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi) na mawimbi ya graviti, Rosetta@home wanachunguza maumbo ya protini, climateprediction.net ya Oxford wanaendesha modeli za tabianchi. Ulikuwepo pia MalariaControl.net, wa taasisi ya tiba ya tropiki iliyoko Basel, Uswisi, uliokuwa ukikokotoa uenezi wa malaria hapa Afrika. Kompyuta yako inachukua kazi kwenye seva, inakokotoa, inarudisha majibu, na majibu yakikubaliwa unaandikiwa pointi. Akiba ya kazi, ambayo wengi wanaiita bafa, ni zile kazi zilizokwisha kushuka lakini zamu yake haijafika. Hupimwa kwa siku: ukisema siku moja, unamaanisha kazi za kuishughulisha prosesa yote kwa siku moja. Kwa hiyo siku moja ya mashine yenye nyuzi 8 (yaani prosesa inayoweza kukokotoa kazi 8 kwa wakati mmoja) si sawa na siku moja ya kilaptopu cha nyuzi 2, na kadi ya picha inahesabiwa peke yake.

Sasa masanduku. La kwanza linauliza: uwe na kazi za angalau siku ngapi? La pili: uongeze hadi siku ngapi juu ya hizo? Usipogusa kitu, la kwanza ni 0.1 na la pili 0.5, yaani saa 2 na dakika 24, kisha saa 12.

Watu wanazijumlisha, wanasema "nina akiba ya siku 0.6", halafu wanahitimisha kwamba haijalishi namba kubwa ikae sanduku lipi. Hapo ndipo ninapoishiwa subira, kwa sababu inajalisha sana. Fikiria simtanki lenye pampu inayojiwasha. Kuna alama ya chini ambayo maji yakiifikia pampu inawaka, na kuna alama ya juu ambayo maji yakiifikia inazima. Kati ya alama hizo mbili, maji yakipungua, pampu imelala. Sanduku la kwanza ni alama ya chini. La pili linasema alama ya juu iko mbali kiasi gani na ya chini.

Chukua mtu aliyeweka 0.1 na 10. Anaamini amejikinga kwa siku kumi, kwamba seva ikilala wiki nzima yeye hana shida. Siku ya kwanza kweli anashusha kazi za siku kumi. Kisha BOINC inanyamaza. Siku ya tatu haiombi kitu, ya saba haiombi kitu. Inakuja kuomba pale akiba inapoteremka chini ya saa mbili na nusu hivi, na kama seva imeanguka asubuhi hiyo, mkingaji wetu ana saa hizo mbili na nusu tu mkononi, kisha feni za kompyuta zinatulia. Aliyeweka 3 na 0.1, ambaye kwa kujumlisha anaonekana maskini kwake, angekuwa na takriban siku tatu kamili wakati wowote seva ianguke, maana yeye anajaziwa kidogo kidogo kila akiba inaposhuka.

Kwa hiyo kinga iko kwenye sanduku la kwanza. La pili linaamua unaisumbua seva mara ngapi: likiwa dogo, kompyuta inaomba kazi chache mara nyingi, likiwa kubwa, inaomba rundo kwa mkupuo na kukaa kimya muda mrefu. Lina matumizi yake halali, ambayo nitayafikia, ila kukukinga na seva iliyolala si mojawapo.

Ile desturi ya "weka kumi" haikuzuka hivihivi. SETI@home, mradi wa kutafuta ishara za viumbe wenye akili huko angani, ilipofunguliwa Mei 17, 1999, chini ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wengi waliingia mtandaoni kwa modemu na laini ya simu, na programu ya wakati ule ilishika kazi moja tu kwa wakati. Ikiisha nawe hujaunganisha simu, kompyuta inakaa. Ndiyo maana BOINC ilipokuja, matoleo yake ya zamani yalikuuliza utaunganisha mtandao kila baada ya siku ngapi. Lilikuwa swali kuhusu laini yako ya simu, na ukilisoma hivyo hata sanduku la kwanza la leo linaeleweka mara moja. Baadaye modemu zikapotea, lakini SETI@home ilikuwa inazima seva zake kila Jumanne kwa matengenezo ya hifadhidata, na mara nyingine kurudi kwenyewe kulikuwa kwa kusuasua. Mwenye kompyuta yenye nguvu alimaliza kazi zake kabla huduma haijarejea. Wakajifunza kujaza hadi juu, wakafundishana, na mradi nao ukalazimika kuweka kikomo cha kazi ambazo mashine moja inaweza kushikilia. SETI@home iliacha kutuma kazi mpya Machi 31, 2020. Jumanne zile hazipo tena, ushauri umebaki.

Na pointi? Unaandikiwa pointi kwa kazi iliyokokotolewa, ikarudishwa na ikathibitishwa. Kazi 400 zilizopanga foleni hazikuongezei hata moja, kwa sababu kasi ya prosesa ni ileile foleni iwe ndefu au fupi. Faida pekee ya akiba ni kompyuta kutokaa bure, na ikishatosha kwa hilo, kila siku unayoongeza haikuletei kitu.

Inaweza kukuletea hasara lakini, kwa sababu kila kazi ina tarehe ya mwisho. Za Einstein@Home kwa kawaida hupewa siku 14, za Rosetta@home siku 3. Tuseme nyuzi zako ni 8 na kila kazi ya Rosetta inachukua saa 8: unamaliza 24 kwa siku, 72 kwa siku tatu. Kumi na kumi ni maombi ya kazi 480. Seva si mjinga, hukadiria utamaliza ngapi na kwa kawaida inakunyima zinazozidi. Lakini inakadiria kwa kuangalia zamani: kompyuta yako imekuwa ikiwaka saa ngapi, kazi za aina hii zimekuchukua muda gani. Umeme ukikatika siku mbili au ukisafiri na laptopu begini, makadirio yameharibika tayari kazi ziko kwako. Mashine mpya ndiyo mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu haina historia ya kukadiria, na mgeni ndiye anayeambiwa aweke kumi!

BOINC ikiona hatari ya kuchelewa, inaacha utaratibu wake wa kugawa muda kati ya miradi na kukimbiza kwanza kazi zinazokaribia kuisha muda. Wengi wakiona hivyo wanalalamika kwamba mradi mmoja "umeteka" kompyuta, kumbe foleni yao wenyewe ndiyo imewafikisha hapo. Kazi ikipitiliza, seva inamtumia mtu mwingine nakala yake. Kwenye miradi inayolinganisha majibu ya kompyuta mbili, mwenzio aliyemaliza mapema anasubiri pointi zake kwa sababu yako.

Nani basi anahitaji namba kubwa? Anayekaa kweli bila mtandao. Kama unanunua bando mwishoni mwa wiki tu, au laptopu inaona intaneti Jumatatu na Alhamisi ukiwa kazini, weka kwenye sanduku la kwanza siku za pengo lako refu zaidi, kisha chagua miradi ambayo tarehe zake za mwisho zinaruhusu. Majibu nayo lazima yarudi kabla ya tarehe, jambo ambalo watu husahau: kazi iliyokamilika Jumanne ikakaa diskini hadi Ijumaa, kwa seva bado ni kazi ambayo haijafika. Sanduku la pili likuze kama kila kuunganisha kunakugharimu na unataka kufanya yote kwa mkupuo. Mwenye mtandao wa kudumu abaki na 0.1 na 0.5, na kama hofu yake ni seva kulala, aweke 1 juu na 0.1 chini. Au aongeze mradi wa pili na kuupa mgao (resource share) wa sifuri: BOINC huuchukulia kama wa akiba, ikiuomba kazi pale tu ile mingine haina cha kutoa.

Ukibadilisha namba hizi ndani ya programu yenyewe, zinashinda zile ulizoweka kwenye tovuti ya mradi, kwa hiyo usishangae mabadiliko ya tovuti yasipofika kwenye mashine hiyo. Kupunguza namba hakufuti kazi zilizokwisha kushuka. Ukiona hutazifikia, zighairi kabisa (Abort, si Suspend) zile ambazo hazijaanza, leo, ili zimfikie mwingine mapema badala ya kusubiri muda wake uishe.

Na ndugu yangu unayewaelekeza wageni, nia yako ni njema. Ila kabla hujamtajia mtu namba yoyote, muulize kwanza anakaa bila mtandao kwa muda gani. Akisema hakai, mwambie aache masanduku yalivyo.