Kompyuta ya dukani haijui msumari, inajua ulichoiandikia

Habari zenu ndugu zangu wafanyabiashara. Sisi wa kitengo cha tehama hapa chuoni huwa tunatoka kwenda kuwatembelea wenye maduka, na swali tunalokutana nalo karibu kila tunapoingia ni lile lile, nimenunua kompyuta, nimelipia na sistimu, yani programu ya kuandika mzigo na mauzo, mbona faida yake siioni? Leo nalijibu kwa kisa cha duka moja tu nililokaa nalo siku kadhaa, duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, bati, rangi, misumari, vitu vya fundi vyote vipo.

Mwenye duka ni mama wa makamo, yeye ananiita mwalimu na mimi namwita mama. Siku ya kwanza tu akanigeuzia kioo, "Mwalimu hebu niangalizie, inasema misumari ya inchi nne nina hasi ishirini na nne, na katoni lile pale limefunguliwa jana, misumari naiona kwa macho yangu!" Kijana wa kaunta akasema mama hii sistimu ni mbovu tuwarudishie wenyewe.

Nikaomba tuanze mwanzo, mzigo ulivyoingia. Katoni ya misumari ina kilo 25. Siku mzigo unapokelewa kijana aliandika 2, yani katoni mbili, na hapo hajakosea. Ila kaunta anauza kilo kilo, akija fundi anataka kilo moja anaandika 1, akija mwingine 1, hivyo hivyo mpaka wateja 26. Sasa kwenye mashine vimeingia vitu 2 vimetoka vitu 26, ukitoa unapata hasi 24, hesabu imekaa sawa kabisa! Tatizo ni kwamba moja ya stoo na moja ya kaunta ni vitu viwili tofauti na hakuna mtu aliyeiambia kompyuta hivyo, na yenyewe msumari haijawahi kuuona.

Mngeniuliza kosa dogo hivyo lina madhara gani, ngojeni. Tukafungua ripoti ya faida. Chukulia katoni imenunuliwa 75,000, ina maana kilo moja imemgharimu 3,000 na anauza 3,500, faida 500 kwa kilo. Lakini mashine inajua "kimoja" kimenunuliwa 75,000 na kinauzwa 3,500, kwa hiyo kila kilo inayotoka inamwandikia hasara ya 71,500. Mama alishaanza kufikiria kuacha kuuza misumari kabisa kwasababu ripoti imesema inamla, wakati misumari ndo inayomletea mafundi dukani, fundi akishafuata misumari hapo hapo anabeba na saruji. Niliumia kweli, maana uamuzi kama huo unaweza kuua duka na mtu asijue kilichomuua.

Dawa yake ilikuwa kazi ya nusu saa. Kipimo cha msingi cha misumari tukaweka kilo, katoni tukaiambia mashine ni kilo 25, nusu ni 0.5, robo ni 0.25. Kebo ya umeme kipimo ni mita na roli ni mita kadhaa, vile vile. Ukinunua sistimu yoyote, kabla hujatoa hela mwambie anayekuuzia akuonyeshe hapo hapo namna ya kupokea katoni na kuuza robo kilo, akishindwa kukuonyesha bado hujapata sistimu ya duka lako.

Na mambo haya si mageni. Kampuni ya kwanza kutumia kompyuta kwa shughuli za biashara za kila siku ilikuwa ya migahawa ya chai na mikate, Lyons ya London, walitengeneza mashine yao wenyewe wakaiita LEO, na Novemba 1951 ikaanza kufanya hesabu za thamani ya kile kinachotoka kwenye viwanda vyao vya mikate. Baadaye ikawa inapanga mzigo wa migahawa, na mimi napenda sana walivyofanya, kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida ambayo mashine tayari inayo, mchana msimamizi wa mgahawa anapiga simu anasema mabadiliko tu, kesho niongezeeni hiki nipunguzieni kile, yanaandikwa mara moja wakati huo huo yeye akiwa kwenye laini. Hawa watu walishanyoosha utaratibu wa ofisi miaka mingi kabla ya kupata kompyuta.

Mara moja, wakati huo huo. Hapo ndo maduka yetu mengi yanapoanguka. Unakuta mchana wateja wamejaa kijana anaandika kwenye kaunta buku, usiku akiwa amechoka ndo anahamishia kwenye kompyuta, saa hiyo kashasahau nani kachukua mbao kwa mkopo. Bakodi, ile mistari yenye namba kwenye pakiti inayosomwa na mashine, ilikuja kuondoa shida hii hii, ya kwanza ilisomwa supamaketi ya Marsh kule Troy, Ohio, Juni 1974, kwenye pakiti ya bigijii za Wrigley's. Tarakimu yake ya mwisho ni ya ukaguzi, inapigwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia, ndo maana keshia akichapa namba kwa mkono akakosea tarakimu moja mashine inaikataa. Na zile zinazoanza na 620 maana yake namba imesajiliwa Tanzania, 616 Kenya, haimaanishi lazima bidhaa ilitengenezwa huko, wengi wanachanganya hapo.

Upande wa hela kuna vitu vitatu ambavyo kwa mama vilikuwa havisalimiani, sistimu ya duka, mashine ya risiti ya EFD ambayo TRA, mamlaka ya mapato, walianza nayo 2010, na simu. M-Pesa ipo Tanzania tangu 2008 na siku hizi fundi analipa kwa lipa namba hata ya elfu mbili, lakini mama baadhi ya wateja alikuwa anawapa namba yake binafsi, hela ya duka na hela ya ada za watoto zinakaa laini moja, jioni nani atazitenganisha? Tukaweka lipa namba moja ya duka, na kila jioni kabla ya kufunga analinganisha miamala yake na mauzo ya siku, pamoja na hela ya droo, tofauti ikionekana inatafutwa siku hiyo hiyo. Na meseji ya malipo isomwe kwenye simu ya duka, usisome kwenye simu ya mteja, tafadhali sana, watu wanalizwa kwa meseji za kutengeneza.

Halafu mtandao. Mnakumbuka Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilivyokatika, intaneti ikasumbua nchi nzima? Duka ambalo sistimu yake haifunguki bila intaneti siku ile lilirudi kwenye daftari. Uliza kabla, je inauza ikiwa haina mtandao halafu ikatuma baadae? Nakala ya data iwe na sehemu nyingine nje ya duka, na uijaribu kuirudisha, wengi wana flashi kwenye droo ambayo hawajawahi kuifungua. Kila mfanyakazi awe na paswedi yake. Na ile orodha ya wadaiwa yenye majina na namba za simu usiibandike ukutani wala kuirusha kwenye magrupu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nilirudi kwa mama baada ya wiki tatu, jumamosi jioni, nikakuta wanahesabu bidhaa kumi kwa mkono na kulinganisha na mashine, kama tulivyokubaliana. Misumari ya inchi nne mashine inasema kilo 3, mzani unasema kilo 2 na robo. Kijana akaanza kujitetea, mama akamnyamazisha akauliza tu, "Mafundi wakikuambia ongeza, unaongeza?" Akasema naongeza mama, kidogo, wale wateja wetu wa siku zote. Robo tatu ya kilo ni kama 2,250 kwa bei aliyonunulia. Mama akafikiria kidogo akasema mafundi wangu siwanyimi nyongeza, ila kuanzia leo iandikwe, tukaifungulia nyongeza mstari wake kwenye matumizi.