Keki kwa gharama nafuu: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Mafuta ya alizeti yanachukua nafasi ya siagi gramu kwa gramu

Siagi si mafuta matupu. Katika gramu 250 za siagi, mafuta ni kama gramu 200, na inayobaki karibu yote ni maji. Ukimimina gramu 250 za mafuta umezidisha kwa robo nzima na maji umeyakosa, ndiyo maana keki inatoka nzito na kuacha vidole vikiteleza. Pima mililita 215 za mafuta, kisha ongeza vijiko 3 vya chakula vya maziwa.

Kipimo peke yake hakitoshi. Siagi ikipigwa na sukari hunasa hewa, na hewa hiyo ndiyo mwanzo wa keki kuumuka. Mafuta hayainasi, kwa hiyo kazi hiyo wape mayai. Yapige na sukari dakika 5 hadi 7 mpaka yawe meupe, na ukiinua mchapo, uzi unaodondoka ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo mimina mafuta taratibu, halafu unga uliochekechwa, ukigeuza kwa mwiko tu. Ukiendelea kupiga, hewa yote inatoka. Tumia mafuta yaliyosafishwa. Yale ya kukamua ni mazuri kwenye mboga, ila harufu yake haiondoki kwenye keki.

Tukumbuke pia kwamba tunachokiita siagi dukani mara nyingi ni majarini. Soma kopo: yenye mafuta asilimia 80 inafaa kwa kipimo kile kile cha siagi. Ile laini ya kupaka mkate huwa na maji mengi zaidi.

Dhana: Magadi ni beking soda ya bei rahisi

Hili linaharibu keki nyingi. Magadi ya Ziwa Natron yana bikaboneti kweli, lakini yamechanganyika na kaboneti ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi na haitoi gesi kwa joto la jiko. Juu ya hapo kuna chumvi nyingine na udongo. Ukikata keki yake unakutana na madoa ya njano, na mdomoni inaacha ladha ya sabuni. Magadi yabaki kwenye maharage.

Kama unataka kuokoa hela, tumia beking soda yenyewe pamoja na maziwa mgando. Mapishi yakidai kikombe cha maziwa na vijiko 2 vya chai vya beking pauda, weka kikombe cha mgando na nusu kijiko cha chai cha beking soda. Uchachu wa mgando ndio unaoifanya soda itoe gesi. Bila kitu kichachu, sehemu ya soda inabaki na kuleta uchungu. Gesi huanza kutoka papo hapo, hivyo jiko liwe limeshapata moto kabla hujachanganya.

Dhana: Ndizi inaweza kuchukua nafasi ya mayai yote

Mayai mawili, sawa. Robo kikombe cha ndizi iliyopondwa, kama gramu 60, kwa kila yai. Zaidi ya hapo keki inakuwa nzito na kunata, kwa sababu ndizi inaleta unyevu lakini haishiki mchanganyiko kama yai, wala haipigiki ikashika hewa. Keki ya mafuta tuliyoieleza juu inategemea mayai, hivyo usiipunguzie. Tafuta ndizi zilizoiva hadi madoa meusi, zile ambazo kwenye soko la Mbuyuni (Moshi) au Kilombero (Arusha) muuzaji anataka ziishe leo, kisha punguza sukari vijiko 2 vya chakula.

Dhana: Keki ikididimia katikati, ongeza beking pauda

Arusha mara nyingi ni kinyume. Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo gesi hutanuka zaidi. Keki inapanda haraka kabla haijaiva, kuta zake zinapasuka, inashuka. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda kwenye mapishi, punguza kati ya sehemu ya nane na robo, na ongeza vijiko 2 vya chakula vya maziwa kwa kila kikombe cha maziwa, maana maji hukauka upesi. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, anza na kipimo cha mapishi kama kilivyo.