Breki ya mtutu ni nini, na kwa nini hufunguliwa bunduki ikisafishwa

Jina lisikudanganye: breki ya mtutu haipunguzi mwendo wa risasi. Kinachozuiwa ni teke la bunduki. Ni kipande cha chuma chenye matundu, kilichofungwa kwa hesi kwenye mdomo wa mtutu. Risasi ikitoka, gesi ya baruti huifuata, ikagonga kuta za matundu hayo na kugeuzwa pembeni au nyuma kidogo, na kwa kugonga huko huivuta bunduki mbele. Bega linapona, masikio yanalipa. Wawindaji wengi wa nyati hawaipendi kwa sababu hiyo: kishindo humwangukia mfuata nyayo aliyesimama ubavuni.

Gesi hiyohiyo huacha masizi, yakichanganyika na chembe za shaba hadi yakawa gamba gumu. Na ukisafisha mtutu kwa kusukuma ufito kutoka chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwenda mdomoni, kama inavyotakiwa, uchafu na dawa ya kusafishia vyote huishia ndani ya breki. Brashi nayo ikishatoka mtutuni hutanuka humo. Ukiirudisha kwa pupa, ufito huparuza ukingo wa mdomo. Ukingo huo ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukichubuka, shabaha hutawanyika, na hilo hutalitibu kwa kitambaa.

Kwa hiyo breki hutoka kwanza, baada ya kuhakikisha chemba ni tupu. Kwenye AK-74, bunduki ya kijeshi ya Kirusi, unabonyeza pini ya springi na kuzungusha kwa mkono. (Kile kipande cha mshazari kwenye mdomo wa AKM, bunduki iliyoitangulia, si breki hasa, kazi yake ni kuuzuia mtutu usipande, hesi yake ni ya kushoto, wengi huikaza wakidhani wanaifungua.) Bunduki za kuwindia hutaka spana, na mtutu wenyewe ubanwe kwenye jiliwa kwa vipande vya mbao. Usibane kitako. Breki ikigoma, huenda ilitiwa gundi: zipo gundi zinazolegea kwa joto, na zipo zinazotaka kulowekwa majini tu.

Breki ya chuma cha pua iloweke kwenye dawa, kisha isugue. Ya alumini soma kwanza chupa ya dawa. Wakati wa kurudisha, futa hesi, paka grisi kidogo, na kama ilikuwa na washa ya kubonyea (pete laini inayobonyea breki ikikazwa) weka mpya. Kisha piga risasi chache kwenye shabaha, kwa sababu zinaweza kuangukia mahali tofauti na pale pa mwanzo.