Kuku wako haogopi watu, anaogopa kukamatwa

Niko kwenye kazi ya ugani wa mifugo, na ukiacha maswali ya magonjwa, kitu naulizwa sana na wafugaji wa nyumbani ni hawa kuku wasiosogeleka. Yaani unafungua tu mlango wa banda wote wanarukia ukutani, manyoya yanapeperuka, na ukitaka kumshika mmoja umpe dawa mpaka uite watoto wa jirani. Mwisho mtu anasema aah hawa ni wa kienyeji, ndo walivyo. Mimi sikubaliani. Kweli wa kienyeji anashtuka haraka kuliko kuku chotara kama Sasso au Kuroiler, ila anafundishika vizuri tu, tena akishakuzoea anakufuata mpaka jikoni.

Muangalie kuku alivyoumbwa. Macho yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ile ya kumnyemelea kwa nyuma haisaidii, alishakuona zamani na sasa ameona unamvizia, jambo ambalo kwake ni tabia ya paka na nguchiro. Halafu adui yake mkubwa anatoka juu. Sikiliza siku mwewe akipita, jogoo anatoa mlio fulani mwembamba hivi na wote wanajificha, ila akiona mbwa au nguchiro anapiga kelele za kukatakata mfululizo, ni milio miwili tofauti kabisa. Sasa wewe mtu mrefu umesimama juu yake unashusha mkono mgongoni, unategemea akae atulie kweli?

Na sisi wenyewe tunawafundisha uoga. Wageni wamefika, watoto wanatumwa wakakamate jogoo, mbio uwanja mzima, anakabwa anapiga kelele, na wenzake wote wanashuhudia. Ukifanya hivyo leo, kazi uliyoifanya wiki nzima imeharibika, ndiyo maana kwenye hili huwa nakuwa mkali na wafugaji wangu: kuku hakimbizwi. Ukimhitaji, kwa kuchinja, kuuza au matibabu, subiri usiku. Gizani kuku haoni vizuri na ametulia kwenye fito, unamtoa taratibu kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa, kifua kimekaa kwenye kiganja, na wengine hata hawashtuki. Kumning'iniza kichwa chini kwa miguu acha jamani, anaumia na anahangaika bure.

Kuwazoesha kwenyewe hakuna maajabu, ni kukaa tu. Chukua kigoda asubuhi kabla hujawapa chakula, wakiwa na njaa kidogo, kaa chini usiwe mrefu, usiwakodolee macho. Tumia chombo kilekile na mlio uleule kila siku, uwe kru kru kru au kugonga bati, maana kuku anakariri sauti ya chakula haraka mno. Tupia kitu anachokipenda kweli, siyo pumba alizozizoea, namaanisha kumbikumbi, funza, dagaa waliopondwa au mahindi ya kuparaza, mwanzo mbali, halafu kila siku unasogeza karibu na miguu yako, mwishoni unaweka kwenye kiganja na mkono wenyewe uko chini ardhini. Kuna mmoja jasiri atakuja kwanza, mpe, wenzake wakimuona hajadhurika watafuata. Tupia sehemu mbili tatu maana wanyonge wanafukuzwa na wababe, wakikosa chakula na woga wao hauishi. Kumgusa usiwe na haraka nako, na ukianza anzia kifuani, siyo mgongoni.

Kuna kitu kinachanganya watu wengi hapa. Tetea akianza kutaga anaweza kukuchuchumalia chini mabawa ameyatanua kidogo ukimsogelea, mtu anafurahi anasema kaniamini. Ile ni tabia ya kumkubali jogoo, inakuja na utagaji. Kukuamini utakuona pale anapoendelea kuchakura na wewe unapita katikati yao.

Vifaranga ndo rahisi zaidi. Zile siku za mwanzo ukiwa unaingiza mkono kwa pembeni na chakula bila kuwanyanyuanyanyua, wanakua hawakujui kama adui. Wanaolelewa na mama wanamtazama yeye, mama akilia kwa woga nao wanatawanyika, kwa hiyo ukiwa na koo mtulivu huyo ndo umuachie aatamie, na yule mkali usimsumbue kabisa mpaka wanawe wakue.

Kuku wageni waliotoka sokoni, wamefungwa miguu, wamejazwa kwenye tenga, waache banda lao peke yao na maji na chakula, usiwashikeshike siku za mwanzo. Kuwatenga huko ni muhimu hata kwa magonjwa.

Na magonjwa ndo sababu mimi nalipigania hili. Chanjo ya mdondo, kideri wengine wanaita, ile ya I-2, ni tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu, awe kifaranga au jogoo mkubwa. Nimeona watu wanaacha kuchanja kwa sababu tu kuwakamata ni vita, halafu mdondo unapita banda linabaki tupu, inauma sana. Kuku waliozoea mtu unawachanja jioni wakishapanda kulala, mmoja anashika na tochi yenye mwanga hafifu, mwingine anadondosha, unasubiri tone lisambae kwenye jicho, unamrudisha kwenye fito yake analala.